Nani Alimruhusu Hanan Kubaki Garsen?

"Mimi nilisikia!"

Hapo ndipo nilipokukatia wiki jana, msomaji, na najua wako walionilaani kimoyomoyo. Kadhi alikuwa ameuliza kwa mara ya tatu kama yuko mtu yeyote katika ukumbi ule wa baraza, Garsen, aliyemsikia Kassim akitoa ruhusa kwa mdomo wake. Kassim alikuwa ameshatawadha, mikono ya kanzu imemlowa, anangoja kuushika Msahafu aape. Ilibaki dakika moja tu. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma.

Watu wote wakageuka. Mwanaarusi, mama wa mtoto anayegombewa, naye akageuka. 

Alikuwa Nasteha, mke mwenzake.

Ndiyo, Nasteha yule yule wa Madogo, ambaye Kassim alimuoa mwaka jana akampeleka Maskati kukaa katika nyumba aliyoiacha Mwanaarusi. Yule yule aliyeshuka na Kassim kwenye gari moja juzi, wamekuja kumchukua mtoto. Leo asimame kumtetea mama wa mtoto? Mimi ninayeandika haya nisingeamini.

"Kaa chini!" Kassim alifoka.

"Kadhi ni nani hapa, ni wewe au mimi?" Kadhi alikuwa mzee wa Kipini, mdogo wa umbo na mpole wa sauti, lakini hakuna aliyependa kuulizwa swali naye mara mbili. "Njoo mbele, mwanangu. Usiogope."

Kwa wale wanaoanza kusoma leo, nawapa kwa ufupi. Hanan ana miaka sita. Amezaliwa Maskati, ambako baba yake anaendesha lori. Mwezi wa nane mwaka wa tisini na saba mama yake alimleta kwao Garsen, na hawakurudi tena. Kassim anasema alitoa ruhusa ya miezi miwili ya kusalimia wazee, na kilichozidi hapo ni wizi wa mtoto. Mwanaarusi anasema baadaye mumewe aliridhia mtoto abaki. Pasi mpya ya Hanan iko mfukoni mwa koti la Kassim, na ndege inaondoka Mombasa Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

Na mzigo wa ushahidi uko kwa nani, Kadhi alikuwa amesema tangu asubuhi. "Makao ya mtoto yalikuwa kule," alimwambia Mwanaarusi. "Kwamba wewe ndiye uliyemtoa, umekiri. Unasema mwenzio aliridhia. Basi wewe ndiye unayedai, na anayedai alete ushahidi. Usipouleta, yeye atakana kwa kiapo, na mtoto ataondoka naye."

Mwanaarusi hakuwa na barua. Hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na neno lake tu, na neno la mtu mmoja halikumfikisha mbali.

Nasteha alipita katikati ya mabenchi akikaza ushungi wake. Hakumtazama Kassim. Hakumtazama Mwanaarusi pia, na hilo Mwanaarusi hakulipenda.

"Ulisikia nini?" Kadhi aliuliza.

"Alikuwa narekodi kanda, Sheikh. Kanda ya kutumia kaka yake, Huka. Mimi nilikuwa napika, na jiko iko karibu na sebule. Akasema, 'Huka, ule mtamba wa Hanan peleka kwa kina Komora. Mtoto atakaa huko huko.' Nimesikia kwa masikio yangu."

"Lini?"

"Mwaka jana, baada ya Idi kubwa. Sijamaliza hata mwezi Maskati."

"Muongo!" Kassim aliruka. "Sheikh, huyu amenikasirikia kwa mambo ya nyumbani!"

Kadhi hakumjali. "Mwanangu, huyu ni mumeo. Kwa nini unasema neno la kumuumiza?"

Nasteha alinyoosha mgongo. "Kwa sababu mtu wa kulea ni mimi. Yeye na lori lake, analala nyumbani siku mbili kwa wiki. Siku tano nabaki mimi na mtoto wa watu, analilia mama yake. Sitaki. Nimemwambia sitaki, hasikii. Huo ndio ukweli, na Mungu ananiona."

Ukumbi ulicheka. Hata karani wa Kadhi aliinamisha kichwa kuficha meno.

Mwanaarusi hakucheka. Alikuwa akijiuliza: huyu ananiokoa mimi, au anajiokoa yeye? Na mtu anayesema ukweli kwa sababu unamfaa leo, kesho usipomfaa atasema nini? Alimwogopa Nasteha zaidi sasa kuliko aliposhuka kwenye gari.

Kadhi aliandika, akaweka kalamu. "Ushahidi wako nimeupokea. Lakini ni wa mtu mmoja, tena wa nyumba ile ile yenye ugomvi. Peke yake haunitoshi. Hiyo kanda iko wapi?"

Macho yote yakaenda kwa Huka, kaka mkubwa wa Kassim. Huka alikuwa mchungaji hasa, mtu wa Orma aliyekulia nyuma ya mifugo. Alikuwa ameketi upande wa kina Kassim tangu asubuhi, fimbo magotini.

"Kanda?" Huka alisema. "Kanda inakuja nyingi, Sheikh. Mimi nasikiliza, nikimaliza narekodi mawaidha juu yake. Hiyo pia nimerekodi mawaidha."

"Zote?"

"Zote, Sheikh. Mawaidha ni mazuri."

"Na maneno yaliyokuwa ndani yake unayakumbuka?"

Huka alimtupia jicho mdogo wake. Kassim alikuwa amemkazia macho. "Mimi mtu wa ng'ombe, Sheikh. Maneno ya kanda inaingia hapa, inatokea hapa."

Uongo mtupu! Huka ana ng'ombe zaidi ya mia mbili, na kila mmoja anamjua kwa rangi, kwa mama yake na kwa bibi yake. Mtu wa kumbukumbu ile asahau ujumbe wa ndugu yake wa tumbo moja?

Lakini Mwanaarusi hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa amenasa neno moja katika maneno ya Nasteha, na lilikuwa likimzunguka kichwani. Mtamba wa Hanan.

Kwao kulikuwa na ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Aliletwa nyumbani mwaka jana mwezi wa tano, maji ya El Nino yalipokauka na barabara kufunguka. Kaka yake, Idris, ndiye aliyempokea. Alimwambia Mwanaarusi, "Huka katuazima, tukamue mpaka mashamba yapone." Kina Komora, yaani kwao Mwanaarusi, ni watu wa mashamba ya ukingoni mwa mto, migomba na miembe na mpunga. Kwao ng'ombe ni maziwa ya chai, basi. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Mwanaarusi mwenyewe hakuuliza, na sasa alijilaumu mpaka machozi yakamlenga. Miaka minane alikuwa mke wa Orma. Alijua ng'ombe wa kitovu ni nini.

Mtoto wa Kiorma anapozaliwa, siku ile kitovu kinapokatwa, baba humtengea mtamba. Huyo ni wake mtoto, na uzao wake ni wake. Mtoto akienda kutembea kwa wajomba, hata akikaa miezi, ng'ombe wake habanduki zizini kwa baba. Ng'ombe huhamishwa pale tu mtoto anapohamishwa makao, ili anywe maziwa yake mwenyewe huko aendako, asionekane mwombaji. Na anayeweza kutoa amri hiyo ni baba peke yake.

Aligeuka. "Idris! Yule ng'ombe mwekundu, Huka alikuambia ni wa nani?"

Idris alikuwa ameketi nyuma yake. Alijifuta jasho kwa kiganja. "Ng'ombe ni ng'ombe, dada. Sikuuliza."

"Hukuuliza?"

"Mimi ni mkulima. Niulize ng'ombe kabila lake?"

Wengine walicheka tena. Mwanaarusi alimtazama kaka yake sekunde moja zaidi ya kawaida, kisha akamgeukia Kadhi na kumweleza yote, neno kwa neno.

Kadhi alisikiliza mpaka mwisho. "Ng'ombe huyo yuko hai? Homa ile ya mifugo haikumchukua?"

"Yuko hai, Sheikh. Yuko kwetu, nusu saa kwa miguu."

"Aletwe nimwone alama yake."

"Nitamleta mimi!" Idris alikuwa ameshasimama kabla hajatumwa. Asubuhi nzima hakuwa amejitolea hata kumletea dada yake maji ya kunywa. Alipita mbele ya kina Kassim akainama kidogo kuomba njia, akatoka mbio, kofia yake akaisahau juu ya benchi.

"Tukimngoja," Kadhi alisema, "nikuulize wewe, Kassim. Una habari ya ng'ombe huyu kuwa kwa wakweo?"

Sasa tazama mtego ulivyokuwa. Akisema ndiyo, mimi nilimpeleka, amekubali kwamba alimhamisha mtoto. Akisema sijui, itabidi aeleze ng'ombe wa binti yake amefikaje kwenye migomba ya watu. Mtu mwenye busara angeomba muda. Kassim alikuwa na haraka ya kushinda.

"Sheikh, kama ng'ombe wa binti yangu yuko kwa hawa watu, basi wamemwiba. Wameiba mtoto, wakaiba na ng'ombe wake. Wezi ni wezi!"

Kelele zilizuka. Neno lile halitupwi hovyo Garsen, ambako wakulima na wachungaji wanatazamana kila kiangazi penye kisima na penye njia ya mto. Wazee wawili wa upande wa kina Komora walisimama. Askari wa baraza akagonga meza kwa rungu.

"Tulieni!" Kadhi alimnyooshea Kassim kidole. "Kijana, tangu asubuhi ulikuwa unakana tu. Sasa na wewe umedai. Umedai wizi. Ng'ombe alikuwa zizini kwa nani?"

"Kwa kaka yangu. Kwa Huka."

"Huka, simama. Uliibiwa ng'ombe?"

Huka alisimama polepole. 

"Nakuuliza hivi," Kadhi aliendelea, "kwa sababu mimi nimekaa na nyinyi miaka mingi. Orma akipoteza ndama mmoja, alfajiri watu kumi wako njiani wanafuata nyayo. Wanafuata siku tatu, siku nne, mpaka wamfikie. Huyu ameondoka mwaka jana mwezi wa tano. Nani alifuata nyayo zake? Zilikwenda nusu saa tu. Chifu aliambiwa na nani?"

 Kisha benchi la nyuma kabisa, walipokaa wachungaji waliokuja kwa ajili ya soko la mifugo, likaanza kunong'ona kwa Kiorma. Mmoja alishindwa kujizuia akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Lo! Huka ameibiwa na watu wa ndizi! Mwaka mzima hajui!"

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Wachungaji walipigana vikumbo. Mmoja aliigiza mtu anayehesabu ng'ombe na kukosea, akaanza tena.

"Sema, kaka!" Kassim alimhimiza. "Sema waliiba, tumalize!"

Huka alimtazama mdogo wake. Alilitazama lile benchi la wenzake, watu atakaokutana nao kisimani kesho na keshokutwa na mpaka atakapozikwa. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Mimi?" alisema. "Mimi niibiwe ng'ombe na mkulima wa ndizi? Mchana? Nikae mwaka mzima sijui?"

"Ndizi zetu si unakula!" mtu alipiga kelele upande wa kina Komora.

"Nyamaza, naongea mimi!" Huka alipiga fimbo chini. "Maji ile ya El Nino, ng'ombe ya watu ilichukuliwa na mto. Yangu nimevusha yote. Homa ikaja, ya watu ikaanguka kama majani. Yangu nimehamisha mbali, ikapona. Hakuna mtu katika Tana hii, kutoka Madogo mpaka Chara, amewahi kuiba ng'ombe ya Huka! Hiyo nyekundu nimepeleka mimi! Kwa mkono yangu! Na Idris alipokea, na nikamwambia hii ni ya Hanan!"

"Kwa nini ulimpeleka?" Kadhi aliuliza kwa upole sana.

"Si Kassim alisema mtoto atakaa hu..."

 Kinywa kilibaki wazi.

 Kalamu ya karani tu ndiyo iliyosikika ikikimbia kwenye karatasi.

"Umeniua, kaka," Kassim alisema.

"Wewe umetaka kuniua kwanza," Huka alijibu, akakaa. "Mbele ya watu."

Mwanaarusi alilia. Hakulia kwa staha, alilia kwa kwikwi, uso ndani ya leso, miezi kumi na minane ya hofu ikimtoka kwa mara moja. Hanan atabaki. Atalala kwake leo, na Jumamosi ndege itaruka bila yeye. Ndipo Nasteha alipomtazama kwa mara ya kwanza, akatikisa kichwa kidogo, akageukia dirishani.

Kadhi alisubiri utulivu urudi. "Mama ameleta shahidi mmoja, na ndugu wa mwenye kukana amekiri jambo lile lile bila kulazimishwa. Kiapo chako sikihitaji tena, Kassim. Mzigo umehama, sasa uko kwako. Kama uliiondoa ridhaa yako baadaye na ukamjulisha mwenzio, niletee ushahidi kabla ya swala ya alasiri. Usipokuwa nao, mtoto anabaki na mama yake. Na ile pasi yake iweke hapa mezani."

Kassim aliingiza mkono mfukoni mwa koti. Akautoa mtupu. "Nimeiacha nyumba ya wageni, Sheikh."

Mwanaarusi aliacha kulia. Asubuhi ile, kwa macho yake, alikuwa ameiona ile pasi ikichungulia katika mfuko ule ule. Tangu hapo Kassim hakuwa ametoka ukumbini ila kwenda kutawadha hapo nje.

Na kitu kingine. Kassim alikuwa ameshindwa mbele ya mji mzima, kaka yake amemgeuka, mke wake amemgeuka, lakini alikuwa ametulia. Alikuwa ametulia mno. Alikunja mguu juu ya mguu, akatazama saa yake ya mkononi.

Mwanaarusi naye akatazama saa ya ukutani. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Ilikuwa imeshapita saa moja na robo.

"Idris yuko wapi?" alisema, bila kumwambia mtu.

Jibu liliingia mlangoni likihema. Alikuwa Dama, jirani yake Mgiriama, aliyeachiwa Hanan tangu asubuhi. Mikono yake ilikuwa bado na unga wa mahamri. Aliangaza benchi moja moja, akitafuta kitu cha chini, kimo cha mtoto.

"Mwanaarusi, Hanan yuko wapi? Kadhi ameshamwona?"

"Amwone wapi, Dama? Si nimekuachia wewe!"

"Si ulimtuma Idris?" Sauti ya Dama ilipanda. "Alikuja na gari. Akanambia Kadhi anamtaka mtoto, upesi. Nikamvika lile gauni lake la manjano nikampa. Ni mjomba wake, ningemnyima vipi? Kisha napita sokoni, wananambia gari lile halikuja huku. Limeshika njia ya Malindi, ya kwendea Mombasa."

"Alikuwa analia?"

"La, mwenzangu! Alikuwa anaruka kwa furaha. Anasema, 'Mama Dama, mjomba ananipeleka kumwona ng'ombe wangu.'"

Wangu. Mtoto wa miaka sita ameambiwa na mjomba wake kwamba ng'ombe ni wake. Basi Huka alisema kweli: Idris alijua tangu siku ya kwanza. Alijua, na mwaka mzima alimficha dada yake ushahidi ambao ungemmalizia kesi kwa siku moja.

Mwanaarusi aliruka benchi. Askari alimdaka kiunoni, vidole vyake vikiwa vimeshafika kwenye kola ya kanzu ya Kassim. "Umempa nini kaka yangu? Umempa nini? Niambie mtoto wangu anapelekwa wapi!"

Kassim hakurudi nyuma. Alirekebisha kola, akainua mikono yote miwili juu, wazi, watu wazione. Kisha akamgeukia Kadhi kwa adabu ambayo hakuwa nayo asubuhi nzima.

"Sheikh, mimi nimeketi mbele yako tangu saa mbili. Wote hawa wameniona. Aliyemchukua mtoto ni kaka yake yeye, si kaka yangu. Huyu mama sasa anadai kwamba mimi ndiye mwizi. Sawa. Wewe mwenyewe umetufundisha leo: anayedai alete ushahidi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nje, lori la mifugo lilipiga honi sokoni, na kila mtu ukumbini alijua kwamba gari dogo, kwa barabara kavu kama ya leo, linazidi kwenda mbali kwa kila neno linalosemwa hapa.

Kadhi alishika kalamu, akaiweka chini. Alimtazama Mwanaarusi. Kisha, kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe aliionea haya, akamuuliza kama anao ushahidi.